Kwa Nini Nilirudi Kwenye Pantoni

Nina karatasi tatu za kipimo cha moyo kwenye droo ya kabati, kutoka hospitali mbili tofauti. Zote zinasema moyo wangu ni mzima. Ya kwanza niliipokea kwa furaha, ya pili kwa wasiwasi, na ya tatu nusura nigombane na aliyenipa, maana niliamini mashine yao haioni kitu ambacho mimi nakisikia kila siku.

Ilianzia kwenye pantoni ya Kigamboni, asubuhi ya Jumatatu, mwaka 2019. Naishi Kigamboni, kazi yangu iko Gerezani kwenye duka la vipuri vya magari, na maji yale nilikuwa nimeyavuka kwa miaka bila kuyawazia. Siku hiyo geti lilipofungwa nyuma yetu, moyo ukashtuka ukaanza kupiga kana kwamba unatafuta njia ya kutokea. Kifua kikabana. Vidole vikafa ganzi, midomo ikawa inachonyota kama nimekula pilipili, na watu walionizunguka nikawa nawaona kama wako nyuma ya kioo. Nikajua nakufa. Naandika "nikajua" kwa makusudi, kwa sababu wakati ule sikuwa na shaka hata kidogo. Nilimkabidhi simu yangu mama mmoja aliyebeba ndoo ya sambusa, nikamwomba ampigie mke wangu.

Upande wa Magogoni nilishushwa nimeshikwa mabega. Zahanati ya kwanza waliniambia malaria imepanda kichwani, wakanipa dozi bila kunipima. Mama yangu akasema ni husuda ya kazini, akanitafutia sheikh wa kunisomea. Kisomo sikukidharau na hata leo sikidharau. Usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata wiki nzima. Lakini nilipopanda tena na geti likafungwa, yakawa yaleyale.

Kueleza nako kulikuwa shida. Nilipomwambia shemeji yangu kwamba nilipaniki kwenye pantoni, aliniuliza nani alinikera. Mtaani kwetu kupaniki ni kupandwa na hasira au kukosa subira. Tunaambiana "usipaniki bwana" kwenye foleni ya mafuta. Neno limeshachukuliwa, na aliyepatwa na kitu chenyewe anabaki hana la kusema. Madaktari wanaita shambulio la hofu. Litumie hilo neno ukifika hospitali, litakuokolea muda.

Kilichonipoteza zaidi ni nilichofanya baada ya hapo. Niliacha pantoni. Daraja la Nyerere lilikuwa limefunguliwa mwaka 2016, basi nikawa nazunguka kupitia Kurasini. Mwezi haukuisha nikapatwa na shambulio darajani, kwenye foleni ya magari. Nikaanza kuondoka nyumbani usiku kabla ya foleni. Kisha nikawa sikai siti ya nyuma ya daladala, lazima niwe jirani na mlango. Kisha msikitini nikawa naswali safu ya mwisho. Kisha nikaacha kwenda harusini. Mkononi chupa ya maji, mfukoni aspirini, kwenye simu namba ya bodaboda wa kunikimbiza hospitali. Kila mahali nilipokimbia nilipata nafuu ya saa moja, na nafuu hiyohiyo ndiyo iliyonifunga. Mwili ulijifunza kwamba nimepona kwa sababu nimekimbia. Watu waliniuliza kama naogopa kuzama, kwa kuwa kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kimezama kule Ukara, Ziwa Victoria, mwaka uliotangulia. Maji hayakunitisha hata siku moja. Nilichoogopa ni kushikwa na ile hali mahali ambapo siwezi kutoka.

Daktari wa afya ya akili niliyempata hatimaye alikuwa kijana, na kitu cha kwanza alichofanya ni kusoma zile karatasi zangu tatu. Hakuniambia sina kitu, na kwa hilo namshukuru. Aliniambia nina kitu, ila hakiko moyoni. Juu ya figo kuna tezi ndogo zinazomwaga adrenalini mtu akikutana na hatari. Moyo unaongeza kasi, damu inakimbilia misuli mikubwa, pumzi inakuwa ya haraka. Ukikutana na chatu, hiyo ni neema. Kwangu kengele ililia bila chatu. Nikahema kupita kiasi, nikaitoa nje hewa ya ukaa mpaka ikapungua mno kwenye damu, na hapo ndipo panapotoka kizunguzungu, ganzi ya vidole na ule mchonyoto wa midomo. Mimi nikazisoma dalili hizo kama kifo, nikaogopa zaidi, adrenalini ikamwagika zaidi. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, aliuchora mzunguko huu, na tiba nyingi za leo zinaufuata: hali inageuka shambulio kamili mtu anapoitafsiri dalili ya mwili kuwa balaa.

Nikamwuliza, na nikizimia je? Akasema kwa kawaida mtu huzimia presha inaposhuka, na wakati wa hofu ya namna yangu presha hupanda. Wapo wanaozimia wakiona damu au sindano, lakini hao ni habari nyingine.

Kisha akanifanyia jambo ambalo nililichukia kuliko yote na ndilo lililonifungua. Alinitaka niheme haraka kwa kinywa wazi, dakika moja, nikiwa nimekaa pale pale mbele yake. Haikufika dakika. Vidole vikaanza kuwaka, kichwa kikawa chepesi, midomo ikachonyota. Yote yale ya pantoni yalikuwa yamekuja ndani ya chumba chenye kalenda ukutani na feni inayolia, na nilikuwa nimeyaita mwenyewe. Nikaketi nikitetemeka, nikayaangalia yakiondoka. (Usilijaribu peke yako kama una pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au ujauzito. Fanya na daktari.)

Sasa niseme ninachofanya likija. Sipigani nalo. Natoa pumzi polepole, ndefu kuliko niliyoivuta, bila kujaza kifua. Mfuko wa karatasi mdomoni, kama wanavyofanya kwenye filamu, achana nao. Mwenye pumu unaweza kumdhuru. Naangalia saa. Shambulio hufika kileleni mara nyingi ndani ya dakika kumi, halafu linateremka, na linateremka hata usipofanya lolote. Hili la mwisho lilinichukua miezi kuliamini. Mwanzoni hata pumzi niliigeuza hirizi, nikahesabu kwa hofu kana kwamba nikikosea hesabu nitakufa. Daktari akaniambia basi niache kuhesabu. Chupa ya maji nayo akaniambia niiache nyumbani, pamoja na aspirini na kale kamchezo ka kushika mapigo shingoni kila baada ya dakika mbili.

Kurudi kwenye pantoni hakukuwa siku moja. Wiki ya kwanza nilikaa soko la samaki la Feri nikiitazama inavyokwenda na kurudi. Wiki ya pili niliingia kwenye kibanda cha kusubiria, nikabanana na watu mpaka geti likafunguliwa, nikaiacha iondoke. Kisha nikavuka Jumapili asubuhi, watu wachache. Kisha Jumatatu. Mara ya tatu ya Jumatatu lilikuja kamili, lenye nguvu kama lile la kwanza. Tulifika ng'ambo bado limenishika. Zamani ningepanda boda nikakimbia. Nilikaa kwenye ukingo wa saruji karibu na wauza karanga, nikasubiri. Dakika kumi na moja kwa saa yangu. Nikanunua karanga, nikaenda kazini.

Nilitumia dawa pia, na sioni aibu. Sertralini, kidonge kimoja kila siku. Siku kumi za kwanza wasiwasi uliongezeka kidogo, daktari alikuwa ameshanionya, nafuu ikaonekana wiki ya tano. Baada ya mwaka tulipunguza taratibu pamoja naye. Vidonge vya kutuliza kama diazepamu, ambavyo baadhi ya maduka yanakuuzia bila cheti, nakusihi usivizoee. Vinatuliza haraka, na mwili unavizoea haraka vilevile, kuviacha ni vita nyingine. Vinywaji vya kuongeza nguvu nimeacha kabisa, na kahawa nimebaki na kikombe kimoja.

Lakini pima kwanza. Tezi ya shingo iliyozidisha kazi, upungufu wa damu, sukari kushuka, vyote vinaweza kuleta moyo kwenda mbio. Na maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au kwenye taya, yanayokuja ukipanda ngazi, au yaliyokujia kwa mara ya kwanza, ni ya kukimbizwa hospitali, si ya kuketi kwenye saruji na kuangalia saa. Ukishapimwa ukaambiwa ni mzima, hapo uliza kitengo cha afya ya akili. Muhimbili ina idara yake. Najua kwetu ukitaja daktari wa akili watu wanawaza hospitali ya akili ya Mirembe na minyororo. Mimi nilikwenda nimevaa kofia nisitambuliwe, na kwenye benchi nikamkuta jirani yangu.

Kwa wewe unayeishi na mtu wa hivi: usimwambie ajikaze, maana anajikaza kuliko unavyojua. Mke wangu alijifunza kuacha kunipepea kwa khanga na kuita majirani. Anakaa pembeni, anasema kwa sauti ya chini, "Baba Salma, niko hapa, litapita." Basi.

Mwezi uliopita kijana wa dukani kwetu alinifuata stoo. "Kaka, ile hali yako ilianzaje?" Kumbe ni wiki ya tatu anashuka kwenye daladala Tazara na kumalizia safari kwa miguu. Nilimpeleka akapimwa moyo, mzima. Jumamosi tunapanda naye gari la Gongo la Mboto, siti ya nyuma kabisa, mbali na mlango.