Jangwani nendeni msimu wa tende

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ukilipiwa safari moja ya jangwani, ungekwenda wapi na kuona nini?" Mimi ningekwenda Oman, tena mwezi wa Julai, jua likiwa kali hasa. Wengi watanishangaa. Watalii huanza kumiminika Novemba, wakapandishwa na kuteremshwa kwa magari kwenye vilima vya mchanga vya Sharqiyah, wakalala kambini usiku mmoja, kesho yake wakarudi Maskati. Mchanga wameuona, wenye mchanga wao hawajawaona.

Pale Bidiya, ukingoni mwa vilima hivyo, mashamba ya mitende yamepakana na mchanga wenyewe. Wakati wa baridi Mabedui huwa huko ndani na mbuzi na ngamia wao, kwenye vivuli vya miti ya ghafu. Kiangazi kikikaza, familia nyingi husogea kandokando ya mashamba kwa ajili ya mavuno, na hapo ndipo mfugaji na mkulima wanapokutana.

Mkibahatika mtakuta tende za mabsali zinachemshwa. Hukatwa zingali njano na ngumu, zikatiwa kwenye masufuria makubwa ya shaba, moto ukakokwa kwa makuti na magogo ya mitende ileile. Zikiiva huopolewa na kumwagwa uwanjani, zikae juani siku kadhaa mpaka zikunjamane na kugeuka kahawia. Nyingi husafirishwa hadi India, biashara ya tangu enzi za majahazi. Ombeni moja ingali na moto. Utamu wake si ule wa tende za dukani.

Maji ya mitende hiyo huja kwa falaji, mifereji iliyochimbwa kutoka chini ya milima. Maji ya kunywa kwanza, mashamba baadaye, na zamu za wakulima zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Mwaka 2006 UNESCO iliorodhesha falaji 5 za Oman kuwa urithi wa dunia, lakini zinazotiririka nchini humo ni zaidi ya 3,000. Na msione ajabu mzee wa Ibra au Mudayrib, miji ya jirani, akiwaitikia kwa Kiswahili cha Unguja: koo nyingi za huko ziliishi kwetu vizazi na vizazi.

Baada ya hapo shikeni barabara ya kwenda Salalah hadi mji wa Haima. Hiyo ndiyo Jiddat al-Harasis, uwanda wa changarawe ambapo mvua inaweza kukosekana miaka na majani yakaishi kwa ukungu wa baharini. Hapa choroa mweupe wa Arabuni, mnyama wa jamii ya swala mwenye pembe ndefu, alimalizwa na wawindaji waliotumia magari. Wa mwisho porini waliuawa mwaka 1972. Waliobaki walikuwa wamefugwa, wengine mbali kabisa huko Marekani, na uzao wao ukarudishwa Oman na kufunguliwa uwandani mwaka 1982. Walinzi wao walikuwa Waharasis wenyewe, Mabedui wenye lugha yao, Kiharsusi. Choroa wakaongezeka wakafika kama 450. Kisha majangili wakaanza kuwakamata wakiwa hai ili wawauze, na kufikia 2007 walibaki kama 65. Mwaka huohuo, eneo la hifadhi ya choroa hao likiwa limepunguzwa kwa asilimia 90, UNESCO ililifuta kwenye orodha yake ya urithi wa dunia. Halijawahi kufutwa eneo lolote kabla ya hilo.

Habari hiyo huniuma kila nikiikumbuka, na ndiyo sababu nasema nendeni. Wapo choroa wanaolindwa hadi leo, wapo na swala, na Mharasi anayelipwa kumwonyesha mgeni mnyama ana sababu moja zaidi ya kumlinda.

Hifadhi, siku hizi ikiitwa Al Wusta, haiingiwi bila kibali, kwa hiyo kiombeni mapema. Wanawake wa Kibedui wenye barakoa wasipigwe picha kabla hawajaridhia. Mkikaribishwa kahawa, pokeeni kwa mkono wa kulia, na mkitosheka tikiseni kikombe, la sivyo mtamiminiwa tena na tena. Uwandani ingieni alfajiri, na mwongozaji awe Mharasi: ikifika saa tatu asubuhi choroa wameshatafuta kivuli, na anayejua mgunga gani wamejilaza chini yake ni yeye.