Siti na pedeli za bei mbaya: kipi hudumu kwenye barabara za Mwanza

Nikiegesha baiskeli Makoroboi au Igoma, hakosi mtu wa kuibonyeza siti yangu ya ngozi na kuuliza, "Hii shilingi ngapi?" Nikimtajia bei anashika kichwa, maana kwa hela hiyo anakaribia kupata baiskeli nzima ya kawaida. Swali linalofuata ndilo la maana, na Msukuma aliyekulia juu ya baiskeli haliachi: "Sasa inadumu?"

Inategemea. Vifaa vya bei juu nimevitumia kwa miaka kadhaa kati ya Buhongwa na mjini, na mwisho wa wiki hupanda kwenda Magu au, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, huvuka hadi Sengerema. Nilichokiona ni kwamba hela ya ziada mara nyingi inanunua wepesi, starehe na urembo. Uimara una hesabu yake: je, kifaa kinafunguka? Na kikifunguka, kipuri chake kinapatikana hapahapa, au ni mpaka mtu atoke Ulaya na begi?

Kwanza niseme jambo kuhusu kutu. Watu wa Dar hulalamikia chumvi ya bahari, na sisi tunajiona tumenusurika kwa sababu Ziwa Victoria ni maji baridi. Chumvi tunayo, ila inatoka mwilini. Panda kilima cha Bugando saa nane mchana wakati wa kiangazi, halafu iache siti ikauke uone ule mstari mweupe. Hilo jasho linapenya kwenye ribiti, vile vijisumari vya kushikia ngozi, kwenye bolti za klampu, yaani kibano cha siti, hadi ndani ya bomba la siti. Likikutana na vumbi, kisha na mvua za vuli, kutu inaanzia mahali ambapo macho hayafiki. Kitambaa kibichi kidogo halafu kikavu, kila ukirudi safari ndefu, kinafanya kazi kuliko dawa nyingi za kopo. Na bomba la siti lipake grisi kabla ya kuliingiza kwenye fremu. Bomba la alumini ndani ya fremu ya chuma likikaa miaka bila grisi linashikana kabisa, na hapo hata uwe na siti ya dhahabu huwezi kuipandisha wala kuishusha.

Sasa siti ya ngozi. Inayojulikana zaidi ni Brooks ya Uingereza, kampuni iliyoanzia Birmingham mwaka 1866 na vifaa vya ngozi vya farasi, ikasajili hataza ya siti ya baiskeli mwaka 1882. Siti ya namna hii haina sponji wala jeli. Ni kipande kimoja cha ngozi nene ya ng'ombe, kimewambwa kama ngoma juu ya fremu ya chuma, kikashikwa kwa ribiti mbele na nyuma. Chini ya pua kuna nati ya kuivuta ngozi inapolegea. Mwanzoni ni ngumu kweli, inaumiza, na wengi huiuza kabla haijawazoea. Ikishakukubali hutaki nyingine.

Watu wanaosema siti hizi hazidumu, ukiwachunguza, wengi wao maji ndiyo yamewaharibia. Ngozi ikilowa inalainika, na ukiikalia hivyohivyo inavutika pale panapobeba mifupa ya makalio. Ikikauka inabaki na umbo hilo: katikati imebonyea, pembeni imechanua, pua imeinuka. Na maji yenyewe hayatoki juu peke yake. Baiskeli nyingi za mtindo wa michezo zinauzwa bila madigadi, kwa hiyo tairi la nyuma linarusha maji na matope moja kwa moja chini ya siti, upande ambao ngozi haijang'arishwa na inanyonya haraka. Nimeona siti ambayo juu inang'aa kama mpya, ukiigeuza chini imeoza. Kabla hujatoa hela ya siti ya ngozi, nunua madigadi ya nyuma. Hilo silijadili na mtu.

Ya kuzuia mvua ya juu ni rahisi zaidi. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku mwaka 2019, basi mimi hutumia kofia ya kuogea, ile yenye lastiki. Inakaa mfukoni, inaivaa siti sawasawa, na wahuni wanaiona kichekesho badala ya kuona kitu cha kuiba.

Ikilowa hata hivyo, iache kivulini mpaka ikauke yenyewe. Usiianike juani, usiisogeze karibu na jiko. Ngozi inayokaushwa kwa nguvu inapasuka. Ikishakauka ndipo unapaka mafuta. Kampuni zinauza mafuta yao kwenye vikopo vidogo, lakini nta ya nyuki, ambayo wauza asali wanayo, ikiyeyushwa pamoja na mafuta ya mnyama inafanya kazi hiyohiyo. Paka kiasi, juu na hasa chini, uache usiku kucha, asubuhi ufute. Mafuta ya kupikia hapana. Oili ya injini hapana kabisa: inailegeza ngozi na suruali yako itasimulia mji mzima. Kitu kingine, ukishaipaka usiiache stoo yenye panya. Kwao hiyo ni nyama.

Nati ya mbele ndiyo inayoua siti nyingi baada ya maji. Mtu anaona siti imebonyea, anachukua spana, anakaza mpaka ijae. Ngozi inavutika kwenye ribiti za pua, siku moja inachanika pale, na hapo hakuna fundi wa kuirudisha. Kaza robo mzunguko, panda wiki kadhaa, kisha uangalie tena. Kama pembeni zimechanua sana, iache nati. Nenda kwa fundi viatu, atoboe matundu machache kwenye kingo za chini, kushoto na kulia, apitishe kamba chini ya siti na kuzivuta pamoja kama anavyofunga kiatu. Siti inarudi umbo na unaongeza miaka. Mimi yangu imefungwa hivyo, na ndiyo hiyo wanayoibonyeza Makoroboi.

Siti za kisasa za sponji zina vifo vyao. Kitako ni plastiki au kaboni, juu sponji au jeli, juu yake kitambaa kilichobandikwa kwa gundi na kukunjwa pembeni. Ukingo ndio unaoachia kwanza, hasa ukiwa na mazoea ya kuegemeza baiskeli kwenye jiwe, na mawe ya kuegemezea Mwanza hayajawahi kupungua. Hayo ni ya sura tu. La kuogopa liko chini, kwenye zile reli mbili zinazobanwa na klampu.

Reli za kawaida ni chuma cha mviringo chenye unene wa milimita 7. Za bei mbaya ni titani, au kaboni ambayo mara nyingi ina umbo la yai, imesimama hadi milimita 9. Klampu ya kawaida inayobana kwa pembeni inaiponda kaboni hiyo, na mwenye baiskeli hajui mpaka isikike "kah!" akiwa anateremka. Chuma kina adabu, kinapinda kwanza ukaona. Kaboni haitoi taarifa. Titani inavumilia, lakini ikichoka inapata ufa mwembamba kama unywele, karibu kila mara palepale ukingo wa klampu unapoishia. Kwa hiyo usibane nje ya alama zilizochorwa kwenye reli, na kila ukiosha baiskeli pitisha kucha hapo. Siti ikianza kulia ukikaa, usikimbilie kuilaani. Fungua klampu, futa vumbi, paka grisi kidogo kwenye chuma, rudisha. Mara nyingi kelele inaisha. Isipoisha, chunguza ufa.

Mwenye reli za kaboni anaokoa gramu ambazo chupa moja ya maji ya kunywa inazirudisha zote. Kama hushindani mbio, nunua siti nzuri yenye reli za chuma, hela inayobaki ufanyie mengine.

Kwenye pedeli ndipo nilipochoka zaidi. Pedeli za baiskeli za kawaida kama Phoenix na ndugu zake zina raba mbili, gololi huru ndani, na nati mwishoni. Zikianza kulia fundi anafungua, anamwaga gololi kwenye kopo la petroli, anaweka grisi mpya, anakaza, umemaliza. Gololi zimekwisha? Anazo mezani. Pedeli za kisasa bapa, zile nyembamba za alumini zenye vijiti vya kushika soli, mara nyingi ndani zina bushi, yaani kijibomba cha kuzungukia, ya plastiki ngumu upande wa krenki, ule mkono unaobeba pedeli, na beringi ndogo upande wa nje. Ni nyepesi na zinazunguka vizuri mno zikiwa mpya. Vumbi la njia ya kokoto likipenya kwenye sili, bushi inalika, pedeli inaanza kucheza, mzigo wote unahamia kwenye ile beringi ndogo, nayo haikuumbwa kwa mzigo huo. Kuijua mapema ni rahisi: shika pedeli kwa mkono, isukume juu na chini bila kuizungusha. Ikigonga, bushi imekwenda.

Zangu zilipoanza kugonga nilizipeleka kwa fundi mmoja mzee pale Igoma. Akaizungusha, akaipuliza, akaipindua mara mbili akitafuta pa kuanzia.

"Mwanangu, nati ya hii wameificha wapi?"

"Iko ndani, mzee. Unatoa hicho kifuniko, halafu alenki."

Akacheka. Tulipoifungua, bushi ilikuwa imelika upande mmoja mpaka tundu limekuwa kama yai. Duka la mtandaoni lililoniuzia lilijibu kwamba dhamana haihusu uchakavu, na vipuri vyake kwa huku hawatumi. Mzee akanielekeza kwa wachonga vyuma, wakapima kipenyo, wakachonga bushi ya shaba. Haizunguki kwa ulaini ule wa kwanza, lakini haichezi, na kila mvua zikiisha naifungua na kuitia grisi.

Tangu hapo nauliza swali moja kabla ya kununua pedeli yoyote: vipuri vya ndani vinauzwa peke yake? Kama vinauzwa, agiza seti mbili pamoja na pedeli. Kama haviuzwi, chukua za nailoni za bei ya kati zenye gololi. Nailoni haishiki kutu, ikigonga jiwe inakwaruzika tu, na mafundi wetu wanaielewa.

Kufunga nako kuna mambo yake. Pedeli ya kulia inakazwa kama nati ya kawaida, ya kushoto kinyume. Ukishindwa kukumbuka, weka spana namba 15 ielekee juu. Ukiivuta kuelekea tairi la mbele unakaza, kuelekea la nyuma unafungua, pande zote mbili. Anza kwa vidole, na grisi kwenye nyuzi. Pedeli ya chuma iliyoingia mshazari inakula nyuzi za krenki ya alumini kwa mizunguko michache, na krenki hiyo huenda ni ghali kuliko pedeli zenyewe.

Pedeli za kunasa kiatu sitazisemea sana. Kama unazitaka, chukua mfumo wa SPD ambao Shimano waliutoa mwaka 1990, kwa sababu kliti zake, vile vipande vya chini ya kiatu vinavyonasa pedeli, ni za chuma na zimezama ndani ya soli. Zile kliti kubwa za plastiki za baiskeli za mbio ni za mji wa tambarare. Hapa utashuka, utasukuma baiskeli juu ya miamba ya Capri Point, na plastiki itabaki kwenye jiwe.

Kwa wanaopenda mtindo wa zamani wa kishikio cha ncha ya kiatu na mkanda wake: chuma chenyewe hukatika pale kinapopinda karibu na bolti, kwa sababu usipoingiza mguu pedeli inageuka na kishikio kinaburuta chini. Usianze safari kikiwa kinaburuta. Mikanda ya ngozi ya dukani inapasuka kwenye matundu baada ya misimu michache ya jua na mvua, na kuagiza mingine nje ni kutupa hela. Fundi viatu akipewa mkanda mzuri wa suruali wa mtumba anakukatia miwili. Hamisha kile kifungio cha chuma kutoka kwenye mkanda wa zamani. Ukiuvalisha, upige msokoto mmoja ndani ya pedeli kabla ya kuutoa upande wa pili, ili usiteleze. Na mwambie ncha aikate mshazari. Ya mraba itakusumbua kuiingiza kwenye kifungio huku magari ya barabara ya Kenyatta yanakupigia honi.