Mkia tu unatosha kupewa jina?
Kaka, umeuliza wataalamu wanawezaje kuipa dinosaria jina jipya kwa mkia mtupu. Wanaweza, mradi mkia wenyewe una alama ambazo hazipo kwa wengine. Mkia unaouliza, uliochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, una pingili 30 hivi: uso wa mbele wa pingili umebonyea, wa nyuma umetokeza. Zamani waliuhesabu kuwa wa Janenschia, dinosaria mwingine wa huko huko, lakini huyo alipewa jina lake kutokana na mifupa ya mguu wa nyuma. Sasa mguu na mkia utavilinganishaje? Ndiyo maana mwaka 2019 ulitengwa, ukaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera wetu wa Lindi na Mohammadi Keranje, mwenyeji aliyefanya kazi ya uchimbaji kule. (Walichelewa mno, kwa maoni yangu.) Ukipatikana mkia kama huo umeungana na mguu wa Janenschia, jina la zamani ndilo litakalobaki.