Alama za kuchangia darasani kwa mwanafunzi wa kigeni
Ndugu, umeuliza ufanyeje ikiwa shule ya biashara inatoa alama za kuchangia darasani na lugha ya kufundishia bado inakupa shida. Anza na kisa cha kampuni mlichopewa mkisome na kukijadili darasani: pitia ukurasa wa kwanza, wa mwisho na majedwali, ndipo usome chote. Kokotoa mwenyewe faida ya kila bidhaa na mauzo yanayotosha kurudisha gharama. Ukiwa na tarakimu, hata sentensi fupi inasikilizwa. Andika sentensi tatu za hoja yako, kisha nyoosha mkono dakika 10 za mwanzo, maana baadaye mjadala huhama na hoja yako hupitwa. Wengi hukwama hapo, wakisubiri sentensi isiyo na kosa. Na tafadhali, mweleze mhadhiri hali yako wiki ya kwanza, si baada ya alama kutoka.