Re: Tulifunga ndoa kanisani Nakuru, cheti cha serikali hakuna

Salamu dada. Nimekuelewa: harusi ilikuwa kanisani, mkapewa karatasi yenye muhuri wa kanisa tu, na sasa pasipoti inadai cheti cha ndoa.

Kwanza kabisa, uliza kama mchungaji aliyewafungisha alikuwa na leseni ya Msajili wa Ndoa. Hapo ndipo wengi hukwama, maana kuwekewa mikono na kanisa si leseni. Kama alikuwa nayo, mlitia sahihi cheti cha serikali siku ile ile, pamoja na mashahidi wawili, na nakala moja ilipaswa kupelekwa kwa Msajili. Mwombe katibu wa kanisa afungue kitabu cha ndoa, uchukue namba ya cheti. Ukiwa nayo, omba nakala iliyothibitishwa kwa Msajili. Kama nakala haikufika, kanisa ndilo liipeleke, usikubali kuzungushwa.

Hakuwa na leseni? Mimi ningefunga ndoa ya kiserikali bila kungoja: notisi ya siku 21, kisha mbele ya Msajili. Na tafadhali usimlipe wakala wa mtaani anayeahidi cheti cha tarehe ya zamani. Hiyo ni hati ya kughushi, na itakuumiza siku ya mirathi.