Bei za watoto wa German Shepherd: mbona hazilingani?

SWALI: Natafuta mtoto wa German Shepherd wa kulinda boma na kukua na wanangu. Muuzaji mmoja anataka shilingi 15,000, mwingine 60,000, na kwenye picha wote wanafanana. Yule wa bei nafuu anasema nitume nusu kwa M-Pesa leo, kisha aniletee mbwa stendi. Nimwamini nani?
Msomaji, Ruiru

JIBU: Ndugu msomaji, usitume hata shilingi kabla hujafika mbwa anakofugwa na kumwona mama yake. Anayekuletea mbwa stendi anakunyima nafasi ya kukagua kile unacholipia.

Gharama huanza kabla mtoto hajazaliwa. German Shepherd huweza kurithi ubovu wa nyonga: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake, kiungo kinasagika, na mbwa anaanza kuchechemea, pengine akiwa bado mchanga. Mfugaji makini huwapiga eksirei ya nyonga dume na jike, wakiwa wametimiza angalau mwaka mmoja, kabla ya kuwapandisha. Omba kuiona. Baada ya hapo kuna mimba ya siku 63 hivi, lishe ya jike anayenyonyesha, dawa ya minyoo kila wiki 2 tangu watoto wakiwa na wiki 2, na chanjo ya kwanza ya distempa na parvo, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, kati ya wiki ya 6 na ya 8. Bei ya kutupa mara nyingi ina maana kwamba baadhi ya hayo yamerukwa, au mtoto ameondolewa kwa mama akiwa na wiki 5 ili asimalize chakula. Asiondoke kabla ya wiki 8. Lakini bei kubwa peke yake si ushahidi wa lolote, dai uonyeshwe.

Ukifika, mtazame mama kwanza. Akibweka kisha akatulia mfugaji anapomtuliza, ni sawa. Akijikunyata au kurusha meno kwa woga, ondoka, maana woga nao hurithiwa. Baba kutokuwepo si kosa, wengi hupandishia kwa dume wa mfugaji mwingine.

Sasa mshike mtoto. Fizi ziwe za waridi. Zikiwa nyeupe, shuku minyoo, viroboto au kupe. Tumbo likivimba huku mbavu zikihesabika, mara nyingi ni minyoo. Inua mkia uone kama kuna dalili za kuhara, papasa kitovu kama kuna uvimbe, na kwa dume hakikisha korodani zote mbili zimeshuka. Masikio yaliyolala yasikutishe, mengi husimama akiwa na miezi 3 hadi 5.

Kadi ya chanjo huweza kughushiwa. Iwe na lebo iliyobanduliwa kwenye chupa ya chanjo yenyewe, yenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, pamoja na sahihi na muhuri wa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Maandishi ya kalamu peke yake hayatoshi. Dozi hurudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka wiki ya 16, kwa sababu kinga aliyopata kwa mama huweza kuizuia chanjo isifanye kazi. Kabla ya hapo asikanyage mahali mbwa wengine wanapopita. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi 3.

Parvo hujitokeza siku 3 hadi 7 hivi baada ya kuambukizwa, hivyo mtoto aliyechangamka Jumamosi anaweza kutapika Jumatano. Andikianeni kwamba daktari wako atamkagua ndani ya saa 72, na akikutwa mgonjwa, au parvo ikijitokeza ndani ya siku hizo 7, unarudishiwa hela.

Cheti cha East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa, kinathibitisha ukoo, si afya. Kama huna nia ya kuzalisha wala kushindanisha, usikilipie zaidi. Hela hiyo ni heri iende kwenye nyonga nzuri.

SWALI: Nimeonyeshwa watoto 7 wa mbwa na wote wana afya. Nichukue yupi?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Kwa nyumba yenye watoto, mwache anayewakanyaga wenzake na anayebaki kona. Angusha funguo sakafuni: anayeshtuka kisha akarudi kuzinusa ndiye wako.