Mdogo wangu anataka kurudi kazini

SWALI: Mdogo wangu ana miaka 29 na ni karani wa ghala hapa Tanga mjini. Miezi minne iliyopita alianza kusikia sauti na kuwashuku wenzake, tukampeleka Hospitali ya Bombo, na daktari akasema ni skizofrenia. Sasa anatumia dawa, sauti zimenyamaza, naye anataka kurudi kazini. Mjomba anasema akae nyumbani mwaka mzima. Bosi anauliza tu atarudi lini, na zamu zake zilikuwa za usiku. Tufanyeje, na bosi aambiwe nini?
Dada mtu, Ngamiani

JIBU: Dada yetu, pole kwa mitihani hiyo. Daktari wake akiridhika kwamba nafuu imetulia, sioni sababu ya kumfungia nyumbani mwaka mzima. Kazi humpa mtu sababu ya kuamka, kipato chake mwenyewe na watu wa kuzungumza nao. Hata Lutindi, wilayani Korogwe, ambako wagonjwa wa akili wamekuwa wakitunzwa tangu 1904, kazi za mikono ni sehemu ya matibabu.

Kinachonitia wasiwasi ni zamu ya usiku. Kukosa usingizi huweza kuurudisha ugonjwa huu, na dawa zake nyingi humfanya mtu asinzie, hivyo karani anayekesha ghalani ama ataruka dozi ili awe macho, ama atasinzia katikati ya mizigo. Mwombeni daktari aandike barua ya kupendekeza zamu ya mchana, kwa kuanzia nusu siku. Barua hiyo si lazima iutaje ugonjwa kwa jina; inatosha kueleza kwamba amekuwa akitibiwa na anahitaji nini kazini, na kama bosi ataambiwa zaidi ya hapo, uamuzi ni wa mdogo wako, si wa mjomba.

Msichelewe, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kipindi cha miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, na miezi minne imekwishazila karibu zote.

Akirudi, mtazameni akiandika. Mkono ukitetemeka juu ya leja, au mwili ukikakamaa, huenda ni dawa, na daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa yenyewe. Asiiache kwa uamuzi wake, jambo ambalo wengi hulifanya pale pale wanapojiona wamepona.

Nyumbani nako pana kazi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, mtafiti George Brown na wenzake waliona London kwamba wagonjwa waliorudi katika nyumba za lawama, ukali na kuingiliwa kwa kila jambo waliugua tena mara nyingi zaidi. Basi swali la "umemeza dawa?" lisiulizwe na watu watano, tena mbele ya wageni, mdogo wako amchague mtu mmoja wa kumkumbusha, na wengine wamwache anywe chai yake. Huyo huyo ndiye azijue dalili za awali: kukesha, kujitenga, kuanza tena kuwashuku wenzake wa ghalani. Akiziona, mpelekeni kliniki mara moja, msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.